Bega Chini ya Kanga

Rehema alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa natafuta miwani, akaniambia mama yake amefariki alfajiri na maziko ni saa kumi jioni. Nilisema yale yanayosemwa, nikakata simu, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, naona aibu kuliandika, ni kwamba Alhamisi nina darasa la upasuaji wa shingo na sasa sina bega la kuwaonyesha wanafunzi. Machozi yalikuja baadaye, bafuni, yakanikuta nimeshika mswaki. Kwa miaka mingi Bi Zuhura, mama yake Rehema, alikuwa anakuja kwenye darasa hilo mara moja kila mwaka. Anakaa kiti cha mbele, anashusha kanga upande wa kulia, na vijana wanaotaka kuwa wapasuaji wanaona kwa macho yao jambo ambalo vitabu vimelieleza kwa mistari miwili. Ili nieleze kwa nini alikuwa anakuja, na kwa nini kila mara mimi nilitoka humo nimelowa jasho, inabidi nirudi kwenye mwaka mmoja nilioishi nyumbani kwake Kariakoo. Habari za wazazi wangu na shule nilizosoma nitaziacha, hazina msaada hapa.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo, mwaka wa mazoezi, ambao daktari mpya anazungushwa idara moja hadi nyingine na kila mtu ana haki ya kumtuma. Nyumba za hospitali zilikuwa zimejaa, nikapanga chumba Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, na ua wa nyuma wenye bomba na jiko. Chumba changu kilikuwa cha mbele. Dirisha lake la mbao lilifungukia barazani, na barazani ndipo mwenye nyumba, Bi Zuhura, alipokuwa anasuka nywele za watu. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwenye binti mmoja, Rehema, aliyekuwa sekondari, na vidole vilivyokwenda haraka kuliko mdomo wake, na mdomo wake haukuwa wa kupumzika. Mteja alikaa chini kwenye mkeka, yeye akakaa kwenye kigoda nyuma yake, na mtaa mzima ukapita kwenye dirisha langu kwa maneno: nani kaposwa, nani karudi kwao, nani kafungua robota la mitumba Mchikichini akakuta makoti ya baridi matupu. Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu tulivyovipangia foleni utotoni sasa vilikuwa vimemwagwa chini kando ya barabara, sabuni za kila rangi na saa za plastiki, na watu walitembea taratibu wakivitazama kana kwamba wataambiwa warudi nyumbani.

Chakula hakikuwamo katika makubaliano yetu ya chumba. Lakini Bi Zuhura hakuweza kuvumilia kumwona mtu anakula mkate mkavu. Nikirudi mchana kutoka zamu nilikuta sahani imefunikwa kwa kawa juu ya meza ya ukumbini, wali wa nazi na maharage, na siku akiwa amefurahi, mchuzi wa papa. Alikuwa anawaambia wateja wake, kwa sauti ambayo alijua nitaisikia, "Dokta wangu kakonda, watu watasema namnyima." Mimi nilikuwa na njaa ya miaka sita ya chakula cha chuo, nikala bila aibu, na kabla ya masika kwisha nilikuwa namwita mama bila kufikiri.

Mwaka ule alikuwa na mpango mkubwa, na aliyemtia moto alikuwa Mama Nisha wa duka la ng'ambo ya barabara. Mama Nisha alikuwa Mhindu, mzaliwa wa mtaa uleule, Kiswahili chake cha Kariakoo tupu. Duka lake lilikuwa la vifungo na nyuzi za mafundi cherehani, lakini biashara ilipofunguliwa aliondoa nusu ya vifungo akajaza rasta, yale mafungu ya nywele za bandia yaliyokuwa yameanza kuingia. "Zuhura, wasichana wa maofisini kule Posta hawataki kukaa chini," alikuwa anamwambia. "Wanataka kiti kirefu, kioo mbele, wewe umesimama. Rasta mimi ninazo, mikono wewe unayo." Wakakubaliana chumba cha pili cha mbele kiwe saluni. Viti viwili virefu vikaja, kioo kikaja, na Bi Zuhura akaanza kujizoeza kusuka kwa kusimama, mikono juu, akicheka kwamba uzeeni amerudishwa darasani.

Uvimbe aliuona mbele ya kioo hicho. Ulikuwa upande wa kulia wa shingo, nyuma ya ule msuli mrefu unaojitokeza mtu akigeuza uso, ukubwa wa njugumawe. Aliuficha chini ya mtandio wiki tatu, kisha siku moja, nikiwa nakula, akakaa mbele yangu na kuufunua. Dada yake alikufa kwa saratani iliyoanza na uvimbe, na niliona macho yake yako kwa dada yake. Nilimwambia ni tezi, inatakiwa itolewe ikapimwe, na nikamtajia daktari mzuri. Akatikisa kichwa. "Utanikata wewe. Sitaki mtu nisiyemjua anishike shingo." Nilivimba kichwa, huo ndio ukweli. Nilikuwa nimetoa tezi nne maishani mwangu, zote nikisimamiwa. Nilimwomba mkuu wangu wa idara ruhusa. Alikuwa anaingia kwenye upasuaji mkubwa, akaniuliza nimeshawahi, nikasema ndiyo, akasema, "Basi katoe, ni tezi tu." Miaka yote hii sijawaruhusu wanafunzi wangu watamke maneno hayo matatu ya mwisho.

Alikuja asubuhi na glavu zake alizonunua duka la dawa Msimbazi, kwa sababu wakati ule mgonjwa alikuja na vyake, na kanga mpya aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Nesi alimwambia avue hadi kiunoni. Bi Zuhura alinitazama mimi. Hakuwa na hasira, alikuwa ananiachia mimi nikumbuke mwenyewe ni nani ananipakulia. Nikasema, "Mwache na kanga yake, tutafungua shingo tu."

"Dokta, bega linatakiwa liwe wazi," nesi alisema. Alikuwa mama mtu mzima, aliyeanza kazi ile kabla sijaanza shule.

"Huyu ni mama yangu," nilimjibu. Nesi akaifunika kanga vizuri begani, akaikunja ukingoni, na sote watatu tukaona tumefanya jambo la adabu.

Kuna mshipa wa fahamu, wa kumi na moja katika ile inayohesabiwa kutoka kichwani, ambao vitabu vinauita aksesori, yaani wa nyongeza, kana kwamba mtu angeweza kuishi bila huo. Unaanzia kwenye uti wa mgongo shingoni, unapanda hadi ndani ya fuvu, kisha unatoka tena na kushuka, safari ambayo hakuna aliyewahi kunieleza sababu yake nikaridhika. Unapita chini ya ule msuli mrefu wa shingo, unatokeza nyuma yake, na kuanzia hapo hadi kwenye msuli mpana wa begani hauna kinga yoyote. Uko chini ya ngozi na utando mwembamba tu, mweupe, unene wa uzi wa kufumia, umelala katikati ya tezi kana kwamba nao ni tezi. Ukikatwa, mtu hafi, hatoki damu nyingi, hata halii. Bega linaanguka polepole, mfupa bapa wa mgongoni unachomoza, na mkono hauinuki tena kupita usawa wa bega. Kwa hiyo mpasuaji anayeingia sehemu ile anautafuta mshipa kwanza, kabla ya tezi, na analiacha bega wazi, kwa sababu ukiugusa mshipa bega litaruka na kukuonya. Hayo yote niliyajua siku ile. Niliwahi kuyajibu kwenye mtihani nikapata alama nzuri.

Dawa ya ganzi ilikuwa ya kupimiwa, ikatosha ngozi tu. Nilifanya mchano mdogo, ili kovu lisionekane, nikaipata tezi imeshikana na vitu vya jirani yake. Damu kidogo ikatoka, nikabana kwa koleo pale nilipodhani inatoka, na kanga ikaruka. Niliiona. Kanga iliruka mara moja, pale begani, na Bi Zuhura akasema, "Umenigusa wapi, baba? Kama umeme." Nikadhani ameshtuka kwa hofu. "Vumilia, mama, tunamaliza," nikasema, nikafunga uzi chini ya koleo, nikakata. Bega lingekuwa wazi ningeona msuli wenyewe ukijikunja, na hata mpumbavu angesimama. Niliona kitambaa.

Majibu ya tezi yalikuja: kifua kikuu cha tezi, ugonjwa wa vidonge, si saratani. Siku hiyo alipika pilau, Mama Nisha akaleta sahani ya vitamu kutoka kwake, na nikapewa kiti cha heshima. Nilikula pilau ile kwa raha ambayo sijaipata tena kwenye pilau yoyote. Kwenye wiki ya tatu alianza kusema mkono umechoka. Kwenye wiki ya nne Rehema ndiye aliyeanika nguo, kwa sababu mama yake hakuifikia kamba. Nilimwambia ni kidonda kinavuta, kitalegea. Wiki ya sita nilimwomba apandishe mabega yote mawili, akapandisha, la kulia likachelewa kidogo lakini likapanda, nami nikajipongeza kwamba mshipa upo. Nilijua pia kwamba kuna msuli mwingine wa ndani unaoweza kupandisha bega na kumdanganya daktari mvivu. Sikutaka kulikumbuka hilo, na nilifanikiwa kutolikumbuka kwa siku mbili. Siku ya tatu nilitoka uani kunawa, nikamkuta amejifunga kanga kifuani, anajaribu kufikia sufuria kwenye rafu. Mgongo ulikuwa kwangu. Bega la kulia limeshuka chini ya la kushoto, mfupa bapa wa mgongoni umechomoza, na mkono umefika usawa wa bega ukakataa. Akaushika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akausukuma juu kama mzigo wa mtu mwingine. Nikarudi chumbani bila kunawa.

Nilikaa kimya wiki tano. Nimejaribu mara nyingi kujitafutia maelezo: kijana, mwaka wa mazoezi, kuogopa kufukuzwa. Yote ni kweli na hayatoshi, kwa sababu nilikuwa naendelea kula chakula chake. Kwenye dirisha langu wateja walikuwa wameshapata jibu lao. "Kafungwa mkono huyo," mmoja alisema, yule aliyekaa karibu kabisa na mbao za dirisha, nikasikia hadi anavyotafuna. "Saluni ile watu haikuwapendeza." Mwingine akataja mtaalamu wa Magomeni. Bi Zuhura akasomewa dua, akanywa maji ya kombe, akaanza kuwatazama wasusi wenzake kwa jicho la shaka, wanawake aliokuwa anaazimana nao vitana kwa miaka ishirini. Hilo ndilo lililonikera zaidi kuliko mkono. Nilikuwa nimemwachia agombane na mtaa mzima kwa ajili ya kosa la mpangaji wake. Akisimama nyuma ya kiti kirefu alisuka mistari minne, akashusha mkono, akafinya macho kwa maumivu. Msichana mmoja wa benki aliinuka na nusu kichwa akaenda kumalizia kwingine.

Mama Nisha ndiye aliyenivua nguo. Niliingia dukani kwake kununua wembe, akaniwekea wembe mezani na mkono wake akauacha juu yake. "Dokta, mimi nauza nyuzi tangu mtoto. Uzi ukikatika huku, nguo inaanguka kule. Huyu Zuhura, si upande uleule ulikata?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi usiniambie mimi. Na yeye asisikie kutoka kwangu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wangu, na wembe wangu mfukoni. Alisikiliza bila kuinua kichwa kwenye mafaili. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Bega lilikuwa wazi?" Nikasema hapana. La pili: "Wiki ya ngapi?" Nikasema ya kumi na moja. Hapo akainua kichwa, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko aliyekasirika. Akasema mshipa ukiungwa mapema unaweza kuota tena, lakini msuli usiopata habari unasinyaa, na kila wiki niliyonyamaza nimemla yule mama. "Kosa la kukata nami nimo, nilikuambia ni tezi tu. Kunyamaza ni kwako peke yako. Kamwambie leo."

Nilimkuta uani anachambua mchele, ungo mapajani, mkono wa kulia umelazwa tu. Rehema alikuwa bado shuleni. Nilikaa chini kwenye sakafu, sikutafuta kigoda. "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba bila kunitazama, akidhani nataka chakula. Nikamwambia hakuna aliyemfunga mkono. Nikamwambia kuhusu mshipa, kuhusu kanga iliyoruka, kuhusu uzi nilioufunga na kuukata. Vidole vyake vya kushoto viliendelea kutoa chuya, moja, nyingine, akizipanga pembeni ya ungo. Nilipomaliza aliuliza, "Umejua lini?"

"Wiki ya sita."

"Na leo?"

"Ya kumi na moja."

Kuku wa jirani aliingia uani akaanza kunyatia ungo, na hakumfukuza. "Mama Asha nimeacha kumsalimia," akasema mwishoni. Mama Asha alikuwa msusi wa nyumba ya pili. "Mwezi mzima simsalimii." Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti, na mimi sikuwa na haki ya kumbembeleza, nikabaki nimekaa. Kisha akajifuta kwa pindo la kanga, akasema chakula changu kiko mezani, nikale. Nilimwambia siwezi. "Utakula," akasema. "Sitaki usiku niwe nafikiria na njaa yako."

Mkuu alimpasua mwenyewe siku nne baadaye. Uzi mwembamba tuliuomba kwa watu wa macho. Kioo cha kukuzia kilitoka kwa shemeji yake Mama Nisha, sonara, kile cha kubana kwenye jicho, na mkuu alikitumia akilalamika kwamba kinanuka moshi wa sonara mzima. Mimi nilishika koleo za kupanulia kidonda. Kabla hajalazwa kitandani, nesi yuleyule aliisogelea kanga akanitazama. Bi Zuhura akaivuta mwenyewe, akaliachia bega lote na nusu ya mgongo, akageuzia uso ukutani. Ncha mbili za mshipa zilikuwa zimeachana upana wa ukucha, na kwenye moja kulikuwa bado na fundo la uzi wangu, limefungwa vizuri sana.

Mkono ulirudi, lakini haukurudi wote. Masika yaliyofuata uliweza kupita usawa wa bega kidogo, maumivu yakapungua, na sufuria zikashushwa rafu ya chini. Kamba ya nguo hakuifikia tena maisha yake yote. Saluni haikuendelea. Viti virefu na kioo vilikwenda kwa Mama Asha, ambaye Bi Zuhura alimfuata mwenyewe hadi mlangoni kwake kumwomba radhi, na yeye akarudi barazani kwenye kigoda na mkeka, ambako mkono hauhitaji kwenda juu. Wateja wazee walibaki. Wale wa Posta walikwenda kwenye vioo.

Wakati nahama mwisho wa mwaka, mkuu alimwomba Bi Zuhura awe anakuja kuwaonyesha wanafunzi bega lake. Mimi nilitamani akatae. Alifikiri, akasema atakuja, nauli atajilipia mwenyewe, na sharti lake ni moja. "Huyu akiwapo, aseme mwenyewe kwa mdomo wake ni nani aliyenikata. Kila mara. Asisemewe na mtu." Nilidhani ni adhabu, na miaka ya mwanzo ilikuwa hivyo. Darasa lilipokuwa langu, alisubiri nimalize kuchora shingo ubaoni na kuonyesha mshipa unakopita, kisha akasema kutoka kwenye kiti chake, "Hamjauliza nani alifanya." Kijana mmoja akauliza. Yeye akajishughulisha na kanga. Nami nikasema, "Ni mimi." Tukitoka nje alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaniuliza nimekula.

Maziko yake yalikuwa ya watu wengi. Sisi wanaume tulikaa kwenye mikeka chini ya turubai, barabara imefungwa, mbele ya ghorofa lililosimama mahali ilipokuwa nyumba yake. Ndani wanawake walikuwa wanamwosha, na nilijua kwamba wakati huo mtu fulani ameunyanyua mkono wake wa kulia ili maji yafike, na kwamba umekwenda juu bila taabu. Nilishindwa kuitikia dua iliyokuwa inasomwa. Mzee wa pembeni alinipa leso.

Alhamisi nilikwenda darasani. Kiti cha mbele nilikiacha mahali pake. Nilichora shingo, nikachora ule msuli mrefu, nikapitisha mshipa kwa chaki ya njano hadi begani. Niliwaambia wautafute kwanza, niliwaambia bega liachwe wazi hata mgonjwa akiwa mama yako, hasa akiwa mama yako. Waliandika. Muda ukaisha, wakaanza kukunja madaftari, na mmoja wa nyuma alikuwa ameshafika mlangoni.

Hakuna aliyeuliza. Nikamwomba yule wa mlangoni arudi akae, kisha nikawajibu.